Hatua Nane Mbele: Somo la Hoja ya Lazima katika Sataranji

Wanafunzi wanapoanza kujifunza sataranji, swali lao la kwanza huwa karibu lile lile: mchezaji hodari huona hatua ngapi mbele? Wengi huamini kwamba hodari ni mtu mwenye kichwa kipana kuliko wengine, awezaye kubeba akilini mamia ya njia kwa wakati mmoja. Makala hii inakusudia kuonyesha kwamba sivyo. Kwa kufuata mchezo mmoja uliochezwa London mwaka 1912, msomaji ataona jinsi mtu wa kawaida anavyoweza kufikiri hatua nane mbele pasipo kubahatisha hata mara moja. Somo lenyewe linawahusu pia wale wasiopenda sataranji, kwa maana njia ya kufikiri inayotumika humo ndiyo inayotumika kuthibitisha kanuni za jiometri.

WACHEZAJI WAWILI

Wachezaji wenyewe walikuwa wa ridhaa, yaani watu waliopenda sataranji bila kuifanya kuwa kazi ya kuwapatia riziki. Aliyecheza kwa kete nyeupe alikuwa Edward Lasker, kijana wa miaka 26, mhandisi aliyesoma Ujerumani. Hapana budi asichanganywe na Emanuel Lasker, mwanahisabati aliyekuwa bingwa wa dunia tangu 1894 hadi 1921. Edward alihamia Marekani mwaka 1914, na katika miaka ya 1920 alibuni pampu ya kukamulia maziwa ya mama, iliyotumika hospitalini ili watoto waliozaliwa kabla ya wakati wapate chakula chao.

Aliyecheza kwa kete nyeusi alikuwa Mwingereza George Thomas, mwenye umri wa miaka 31, ambaye baadaye alijulikana kwa cheo cha Sir George. Thomas alikuwa bingwa wa Uingereza wa sataranji mwaka 1923 na tena 1934. Lakini katika nchi nyingi jina lake linajulikana zaidi kwa mchezo wa badminton: alitwaa ubingwa mara 21 katika mashindano makuu ya Uingereza, na kombe la dunia la timu za wanaume katika mchezo huo linaitwa Kombe la Thomas hadi leo.

Siku hiyo walikutana katika klabu ya sataranji mjini London, nje ya mashindano rasmi. Hata hivyo wote wawili walikuwa wamezoea kucheza katika mashindano, na hatua zao ziliandikwa. Ndiyo maana mchezo huo umebaki, na unaweza kurudiwa ubaoni leo kama mtu anavyorudia jaribio la maabara.

UBAO, KETE NA MAANDISHI

Neno «sataranji» limetufikia kwa njia ya Kiarabu. Waarabu walilipata kwa Waajemi, nao Waajemi walilipata Bara Hindi, ambako mchezo uliitwa chaturanga, yaani sehemu nne za jeshi: askari wa miguu, wapanda farasi, tembo na magari ya vita.

Ubao una miraba 64. Safu zinazokwenda wima huitwa kwa herufi, a mpaka h, kutoka kushoto kwa mchezaji wa kete nyeupe. Safu za mlalo huhesabiwa 1 mpaka 8 kutoka upande wake. Basi kila mraba una jina lake, kama vile nukta katika grafu inavyotajwa kwa namba mbili. Mfalme wa kete nyeupe huanzia e1, na wa kete nyeusi e8.

Mfalme huenda mraba mmoja upande wowote. Ngome huenda wima au mlalo. Askofu huenda kwa mshazari. Malkia huunganisha uwezo wa Ngome na Askofu. Farasi huruka miraba miwili upande mmoja na mmoja kwa pembeni, naye peke yake anaweza kuvuka juu ya kete nyingine. Askari husonga mbele mraba mmoja, au miwili anapoanza, lakini hula kwa mshazari.

Katika makala hii Mfalme anaandikwa Mf, Malkia Ma, Ngome N, Askofu A na Farasi F. Askari hana herufi. Hutajwa kwa mraba anaoufikia. Alama x maana yake ni kula, + ni kumtishia Mfalme, na # ni Mfalme kufungwa, yaani anatishiwa na hana pa kwenda wala kinga. Alama 0-0 ni hatua ya pekee ambamo Mfalme husogea miraba miwili kuelekea Ngome iliyo karibu, na Ngome hiyo huruka ikakaa upande wake wa pili. Hatua hiyo ikifanywa na Ngome ya mbali huandikwa 0-0-0.

Kanuni moja ndiyo nguzo ya somo zima: mchezaji ambaye Mfalme wake ametishiwa hana ruhusa ya kufanya jambo jingine lolote kabla ya kumwokoa. Njia za kumwokoa ni tatu tu: kumhamisha, kumla anayetishia, au kuweka kinga katikati.

HATUA KUMI ZA KWANZA

Mchezo ulianza hivi. Hatua ya kwanza katika kila jozi ni ya Lasker, na ya pili ni ya Thomas. (Baadhi ya vitabu hupindua mpangilio wa hatua mbili za mwanzo za Thomas, lakini hali inayofuata ni ile ile.)

1. d4, e6
2. F-f3, f5
3. F-c3, F-f6
4. A-g5, A-e7
5. A x f6, A x f6
6. e4, f x e4
7. F x e4, b6
8. F-e5, 0-0
9. A-d3, A-b7
10. Ma-h5, Ma-e7

Msomaji apange kete zake mpaka hapa, kisha atulie na kuutazama ubao. Kwa hesabu ya kawaida, Malkia huthaminiwa pointi 9, Ngome 5, Askofu na Farasi 3 kila mmoja, na askari 1. Kila upande una pointi 35. Hakuna aliyepoteza kitu.

Lakini pointi haziambii kila kitu. Lasker ana Malkia, Farasi wawili na Askofu, wote wameelekezwa upande alikojificha Mfalme wa Thomas. Kwa upande wa Thomas, Farasi wa b8 na Ngome ya a8 hawajasogea hata mara moja tangu mchezo uanze. Wanahesabiwa katika jumla ya pointi, lakini katika ulinzi wa Mfalme ni kama hawapo. Mwalimu anaweza kulinganisha jambo hili na fizikia: nguvu isiyotenda juu ya kitu haikisukumi, hata ingekuwa kubwa namna gani.

Hatua ya mwisho ya Thomas, Ma-e7, haikuwa ya kizembe. Farasi mweupe wa e4 anamziba Askofu wake mwenyewe wa d3. Akiondoka kwa kumla Askofu wa f6, njia ya kuelekea h7 itafunguka, na Malkia mweupe atatishia kumfunga Mfalme hapo. Kwa kumweka Malkia wake e7, Thomas alijiandaa kumla Farasi huyo kwa askari wa g7. Askari huyo akiondoka, Malkia mweusi ataona moja kwa moja katika safu ya saba mpaka h7, naye atakuwa mlinzi. Hoja hiyo ni safi. Kasoro yake ni moja: inadhani kwamba Lasker atacheza kwa mpangilio ule ule ambao Thomas aliutazamia.

HATUA YA KUMI NA MOJA

Lasker akageuza mpangilio. Alicheza 11. Ma x h7+, yaani alimtoa Malkia wake amle askari wa h7 na kumtishia Mfalme.

Mtazamaji asiyejua angedhani ni kosa. Malkia amesimama jirani na Mfalme, na hana mlinzi, kwa sababu Farasi wa e4 bado anamziba Askofu wa d3. Mfalme anaweza kumla. Zaidi ya hayo, hana budi kumla: hawezi kwenda h8, kwa kuwa Malkia anaushika mraba huo, hawezi kwenda f7, kwa kuwa Farasi wa e5 anaushika. Jibu ni moja tu: 11. …, Mf x h7.

Sasa ndipo mlango unafunguka. Lasker akacheza 12. F x f6+. Farasi aliyeondoka e4 anamtishia Mfalme kutoka f6. Wakati huo huo, kuondoka kwake kumemfungulia njia Askofu wa d3, naye anamtishia kutoka mbali. Hili ni tishio la pande mbili. Kwa kawaida mtishaji mmoja anaweza kuliwa au kuzibwa, lakini hatua moja haiwezi kuwala au kuwaziba wawili. Kwa hiyo askari wa g7, aliyewekwa tayari kumla Farasi huyo, hana ruhusa ya kufanya kazi yake. Mpango wote wa Thomas ulimtegemea askari huyo. Mfalme lazima atembee.

Ana miraba miwili tu. Akienda h8, Lasker atacheza 13. F-g6#, na mchezo umekwisha: Farasi wa g6 anamtishia, na Farasi wa f6 anashika g8 na h7. Basi Thomas alichagua mraba wa pili, h6.

SAFARI YA MFALME

Kuanzia hapo Mfalme mweusi alisukumwa kutoka nyumbani kwake mpaka ukingo wa pili wa ubao. Kila hatua ya Lasker ilikuwa tishio, na kila tishio lilikuwa na jibu moja tu halali. Msomaji ahakikishe kila dai kwa macho yake.

13. F(e5)-g4+, Mf-g5. Miraba h5 na h7 inashikwa na Farasi wa f6. G6 inashikwa na Askofu. Inabaki g5 peke yake.

14. h4+, Mf-f4. Askari wa h4 analindwa na Ngome ya h1. Farasi wawili, wa f6 na wa g4, wanalindana wao kwa wao. Hakuna awezaye kuliwa na Mfalme. Farasi wa f6 anashika h5, Farasi wa g4 anashika h6, na Askofu anashika f5 na g6. Inabaki f4.

15. g3+, Mf-f3. Askari wa g3 analindwa na askari wa f2. Askari wa d4 anashika e5, askari wa f2 anashika e3, Askofu anashika e4 na f5, na askari wa h4 anashika g5. Inabaki f3.

16. A-e2+, Mf-g2. Askofu amesogea jirani kabisa na Mfalme wa adui, lakini analindwa na Mfalme wake mwenyewe aliyeko e1, ambaye pia analinda f2. Farasi wa f6 bado anashika e4, na askari wa g3 anashika f4. Inabaki g2.

17. N-h2+, Mf-g1. Ngome inalindwa na Farasi wa g4, nayo inashika h1 na h3. Mraba f1 unashikwa na Mfalme na Askofu. F3 unashikwa na Askofu. Inabaki g1.

18. Mf-d2#. Mfalme wa Lasker anasogea kando, na kwa kusogea tu anaifungua safu ya kwanza. Ngome ya a1, ambayo haikuwa imeguswa tangu mchezo uanze, inamtishia Mfalme mweusi kutoka upande wa pili wa ubao. Hana pa kwenda. Mchezo umekwisha.

Hesabu ya pointi wakati huo ni ya kushangaza. Lasker alikuwa na pointi 26, na Thomas alikuwa na 31. Aliyeshindwa alikuwa tajiri kuliko aliyeshinda, lakini utajiri wake ulikuwa umekaa a8, b8 na e7, na Mfalme wake alikuwa peke yake g1.

KWA NINI ILIWEZEKANA

Katikati ya mchezo wa kawaida, mchezaji huwa na hatua halali zipatazo 30 hivi. Kama Thomas angekuwa na majibu 30 kwa kila moja ya hatua saba za Lasker, tangu ya 11 mpaka ya 17, idadi ya njia za kuchunguza ingekuwa 30 × 30 × 30 × 30 × 30 × 30 × 30, yaani 21,870,000,000. Mtu anayechunguza njia moja kwa sekunde, bila kulala, angehitaji zaidi ya miaka 693. Hakuna binadamu awezaye kufikiri hivyo.

Lakini majibu halali aliyokuwa nayo Thomas yalikuwa haya:

Baada ya hatua ya 11: jibu 1
Baada ya hatua ya 12: majibu 2
Baada ya hatua ya 13: jibu 1
Baada ya hatua ya 14: jibu 1
Baada ya hatua ya 15: jibu 1
Baada ya hatua ya 16: jibu 1
Baada ya hatua ya 17: jibu 1

Mti mzima una matawi mawili tu, na moja limekatika mara moja pale h8. Siri ya kuona mbali imo humu. Mchezaji hodari hushinda kwa kuchagua mahali ambapo matawi ni machache, kisha akayafuata yote mpaka mwisho. Pasipokuwa na tishio, hata bingwa huona karibu tu, naye hutegemea uzoefu na kanuni za jumla.

Hii ndiyo tofauti kati ya dhana na uthibitisho. Anayesema «nadhani nikimtoa Malkia nitashinda» ana dhana. Anayeweza kutaja kila jibu la mpinzani, na kuonyesha kwamba kila jibu linaishia pale pale, ana uthibitisho. Katika jiometri mwanafunzi hawezi kuthibitisha kanuni kwa kupima pembetatu moja aliyoichora daftarini. Lazima aonyeshe kwamba hakuna pembetatu inayoweza kuikwepa. Hali kadhalika, hatua ya 11 ya Lasker haikuthibitishwa na ushindi wenyewe. Imethibitishwa na ukweli kwamba Thomas hakuwa na mraba mwingine.

Mwaka huo huo wa 1912, mwezi wa Agosti, wanahisabati wa nchi mbalimbali walikutana Cambridge, Uingereza, katika mkutano wao wa tano wa kimataifa. Mjerumani Ernst Zermelo alizungumzia humo matumizi ya nadharia ya seti katika sataranji, na hotuba yake ilichapishwa mwaka 1913. Kutokana na fikra hizo inajulikana kwamba moja kati ya mambo matatu lazima liwe kweli: ama kete nyeupe zinaweza kulazimisha ushindi tangu hatua ya kwanza, ama kete nyeusi zinaweza, ama kila upande unaweza kulazimisha sare. Ni lipi kati ya hayo matatu, hakuna anayejua hadi leo.

Sababu ni wingi wa njia. Hatua ya kwanza ya kete nyeupe inaweza kuwa yoyote kati ya 20. Baada ya jibu la kete nyeusi njia zinakuwa 400. Baada ya hatua ya tatu 8,902. Baada ya hatua ya nne 197,281. Mwaka 1950 mhandisi Mmarekani Claude Shannon alikadiria kwamba michezo ya hatua arobaini kwa kila upande inafikia 1 ikifuatiwa na sifuri 120. Mwezi Mei 1997 kompyuta iitwayo Deep Blue, iliyoweza kuchunguza hali zipatazo milioni 200 za ubao kwa sekunde, ilimshinda bingwa wa dunia Garry Kasparov kwa pointi 3½ dhidi ya 2½. Hata hivyo kompyuta hiyo haikuumaliza mti; ilitazama mbali zaidi tu.

KOSA NDANI YA USHINDI

Mchezo wa Lasker umesifiwa kwa zaidi ya miaka mia moja. Ungedhaniwa kuwa hauna doa. Lakini uchunguzi umeonyesha kwamba katika hatua ya 14 palikuwa na njia fupi zaidi. Kama Lasker angecheza 14. f4+ badala ya h4+, Mfalme angefungwa katika hatua ya 17 kwa kuchelewa sana, na pengine ya 16.

Jambo hili lina mafunzo mawili. La kwanza, uthibitisho sahihi si lazima uwe uthibitisho mfupi kuliko wote. Lasker alikuwa na njia iliyofika, alifika. La pili, sifa ya kazi haiizuii kuchunguzwa. Mwanafunzi anayekuta kosa katika kazi ya mtu mashuhuri hajamvunjia heshima. Ameisoma kazi hiyo kama inavyostahili kusomwa.

Na aliyeshindwa je? Lasker alisimulia baadaye kwamba Thomas, mara baada ya kufungwa, aliusifu mchezo huo kwa maneno machache ya upole. Lasker hakukijua Kiingereza wakati huo, ikabidi mtu mwingine amfasirie, naye akaguswa sana. Kwa Thomas ulikuwa mchezo wa kupoteza mbele ya mgeni, katika mji wake mwenyewe, kwa namna ambayo ingekumbukwa daima. Angeweza kulalamika, au kusema kwamba mwenzake alibahatika. Lakini hoja ilikuwa imeonyeshwa ubaoni, hatua kwa hatua, naye aliikubali. Kukubali uthibitisho unaokuumiza ni sehemu ya sayansi kama vile kuutafuta.

Wala kushindwa huko hakukumzuia kuendelea. Katika mashindano ya Hastings ya mwaka 1934/35, akiwa na umri wa miaka 53, Thomas aligawana nafasi ya kwanza na Max Euwe wa Uholanzi na Salo Flohr wa Chekoslovakia. Nyuma yao walikuwepo José Raúl Capablanca, aliyewahi kuwa bingwa wa dunia, na Mikhail Botvinnik, mhandisi wa umeme aliyekuja kuwa bingwa baadaye. Thomas aliwashinda wote wawili katika mashindano hayo.

Walimu watafurahi kujua kwamba Euwe huyo alikuwa mwenzao: alifundisha hisabati katika shule ya sekondari. Mwaka 1928 alitwaa ubingwa wa dunia wa wachezaji wa ridhaa, na mwaka 1935 alimshinda Alexander Alekhine akawa bingwa wa dunia wa wachezaji wote. Tangu 1970 hadi 1978 alikuwa rais wa FIDE, shirikisho la sataranji la dunia, lililoundwa Paris mwaka 1924.

KWA MWALIMU

Somo hili linahitaji vifaa vichache. Ubao unaweza kuchorwa juu ya kipande cha boksi, na vizibo vya soda, ambavyo vijana hutumia katika drafti, vinaweza kuandikwa herufi za kete. Inafaa darasa lifuate kanuni tatu za mashindano: kila mchezaji aandike hatua zote, muda wa kufikiri uwe na mpaka, na aliyegusa kete yake sharti aichezeshe. Kanuni ya tatu ina thamani kubwa ya elimu. Inamfundisha mwanafunzi kumaliza hoja yake kabla ya kunyosha mkono.

MAZOEZI

1. Baada ya 12. F x f6+, kwa nini Malkia mweusi aliyeko e7 hawezi kumla Farasi wa f6, ingawa amesimama karibu naye?

2. Katika hatua ya 18, taja hatua nyingine ya Lasker ambayo pia ingemfunga Mfalme papo hapo.

3. Rudia hali ya ubao baada ya 13. …, Mf-g5. Onyesha kwamba 14. f4+ inalazimisha ushindi, kwa kufuata kila jibu la Thomas mpaka mwisho.

MAJIBU

1. Kumla Farasi kungeondoa tishio moja tu. Askofu wa d3 angeendelea kumtishia Mfalme aliyeko h7, jambo ambalo kanuni hairuhusu.

2. 18. 0-0-0#. Mfalme wa Lasker na Ngome ya a1 walikuwa hawajasogea, kwa hiyo hatua hiyo ilikuwa halali. Ngome inafika d1 na kumtishia Mfalme katika safu ya kwanza.

3. Thomas ana majibu mawili.
(a) 14. …, Mf x f4, 15. g3+. Mfalme akirudi g5, 16. h4#. Akienda f3, 16. 0-0#.
(b) 14. …, Mf-h4, 15. g3+, Mf-h3 (hana mwingine), 16. A-f1+, A-g2 (kinga pekee iliyopo), 17. F-f2#.
Matawi yote yamefungwa, na hoja imethibitishwa.